Kambi za Mchanga wa Sharqiya: Kabla ya Bei, Uliza Kilomita

Picha za kambi za jangwani Oman zote zinafanana: hema jeusi la manyoya ya mbuzi, mazulia mekundu, kandili, na nyuma yake tuta la rangi ya bizari. Ukizipanga kumi hutajua ipi ni ipi. Tofauti haimo pichani, imo njiani: kutoka lami hadi kitandani kuna kilomita ngapi za mchanga, na katika kilomita hizo mnavuka matuta au mnapita baina yake. Kundi la watu 16, na ndani yake bibi mwenye magoti na watoto watano, likikosea hapo, likizo nzima huishia kwenye beleshi.

Mchanga wenyewe ni wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba, kwa jina la kabila la Bani Wahiba. Ni kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na kama 80 kwa upana. Upande wa kaskazini, ambako ndiko zilikojaa kambi, matuta makubwa hufika mita 100 na yamelala kwa urefu, kaskazini kwenda kusini, kama migongo ya samaki waliopangwa sinia moja. Baina yao kuna mabonde mapana yenye sakafu ngumu kidogo, na humo ndimo njia za magari zinamopita. Ukilijua hilo umejua nusu ya safari: kilomita 20 kwa kufuata bonde ni kazi nyepesi kwa dereva wa kawaida, na kilomita 3 za kuvuka kutoka bonde moja hadi jingine ni kazi ya aliyezoea. Kwa hiyo swali la simu lina vipande viwili: "Kilomita ngapi?" na "Tunavuka tuta?" Wakala akijibu cha kwanza na kukiruka cha pili, mpigie mwenye kambi mwenyewe.

Kutoka Maskati hadi Bidiya, ukingoni mwa mchanga, ni kilomita 220 hivi, kwa barabara kuu ya Bidbid kwenda Sur, mkipita Ibra. Hesabuni saa mbili na nusu, na msimamo wa Ibra kwa mafuta, barafu na kuni. (Usishangae ukihudumiwa kwa Kiswahili Ibra au Al Mudhayrib. Waharthi wengi wa Unguja asili yao ni pande hizi, na waliorudi wamerudi na lugha.) Mji wa mwisho wenye kila kitu ni Al Mintarib. Hapo ndipo penye maduka ya pancha yanayoishi kwa kazi moja: kupunguza upepo wa tairi asubuhi na kuujaza jioni.

Tuanze na kambi za ukingoni. Hizi ziko kilomita chache hadi kumi na kidogo kutoka lami, upande wa Al Wasil na Bidiya. Desert Nights ya Al Wasil ni ya daraja la juu katika kundi hili: vyumba ni vyumba hasa, vyoo vya ndani, kiyoyozi. Kwa wazee, mama mjamzito au familia yenye mtoto mchanga, ukingoni ndiko mahali pao, na anayesema "hilo si jangwa la kweli" basi alale nje. Aibu yake ni kelele. Mwisho wa wiki na siku za mapumziko, vijana wa mjini hupandisha magari kwenye matuta ya karibu mpaka saa sita usiku, na pikipiki za magurudumu manne hukodishwa mlangoni. Ukitaka usingizi, chagua Jumapili hadi Jumatano, kwa kuwa wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi na msongamano huanza Alhamisi alasiri.

Kambi za ndani ni kitu kingine. 1000 Nights, inayojulikana kuliko zote, iko kiasi cha kilomita 40 ndani ya mchanga kutoka Al Mintarib, na njia yake inafuata bonde. Huko kimya kipo. Ukizima taa unaona nyota ambazo Maskati zilishasahaulika, na asubuhi tuta la nyuma ya hema halina alama ya tairi hata moja, ila nyayo za mende na mkia wa mjusi. Lakini kilomita 40 za mchanga maana yake ni zaidi ya saa moja ya kutikiswa, na mtu akivunjika mkono saa nne usiku, ni saa hiyohiyo kurudi, tena gizani. Mtandao wa simu nao hupungua kadiri mnavyoingia. Kwa kundi lenye magari mazuri na madereva wawili wanaoujua mchanga, kambi ya ndani inalipa. Kwa kundi la gari moja la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) na saluni tatu, yaani magari madogo ya mjini, lipieni gari la kambi liwachukue Al Mintarib na mziache saluni mjini. Msilazimishe. Saluni haiendi, na gari refu la mjini lenye sura ya fowili lakini linalosukumwa na magurudumu mawili tu ni saluni iliyovaa kanzu.

Kambi ndogo za Mabedui ndizo tunazozipenda zaidi kwa kundi, ingawa hazina picha nzuri. Vibanda vya makuti ya mtende, vyoo vya pamoja, umeme wa jenereta unaozimwa usiku, chakula cha sinia moja na kahawa isiyokatika. Bei hapo hupatana, na kundi la watu 16 linaweza kupewa kambi nzima. Ila patana kwa maneno kamili, maana ugomvi wote wa asubuhi ya kuondoka hutoka hapa: bei ni ya kichwa au ya kibanda? Chakula cha usiku na chai ya asubuhi vimo? Watoto wa chini ya miaka sita wanalipa? Gari la kuwaleta ni la kwenda na kurudi, au la kwenda tu? Jenereta inazimwa saa ngapi? Kupanda ngamia na kupelekwa juu ya tuta jua likizama vimo au vina bei yake? Uandikiwe kwenye simu, si kuambiwa. Na usilipe zote mbele kwa wakala usiyemjua.

Njia ya nne ni hema lenu wenyewe, na hapo hamna wa kumlaumu.

Mahali pa kupiga hema ni bondeni, kwenye sakafu ngumu, nje ya alama za tairi. Alama za tairi ni barabara hata kama hazina jina, na kuna watu huendesha usiku. Juu ya tuta kuna mandhari na upepo, na upepo hushinda. Kivuli cha mghafu, mti wa jangwani, kinavutia mno saa saba mchana, lakini ngamia nao hupenda kivuli hichohicho, na kupe wa ngamia hubaki mchangani chini ya mti wakingoja. Wakihisi pumzi hutoka na kukujia mbio, na mbio hasa. Kaeni hatua thelathini kutoka shinani. Na mghafu haukatwi wala haukwanyuliwi matawi. Kuni nunueni barabarani, magunia yamejaa.

Vigingi vinavyokuja na hema, vile vyembamba kama sindano ya gunia, mchangani havishiki chochote. Vinaingia kwa kidole na vinatoka kwa kidole. Badala yake chukueni vifuko vinane vya kitambaa kizito kwa kila hema, vinne vya pembe na vinne vya kamba za upepo. Jaza kila kimoja mchanga wa kilo tano hivi, funga kamba shingoni, chimba sentimita 40, zika, kanyaga kwa kisigino, kisha mwagia kikombe cha maji ya kuoshea vyombo. Mchanga mbichi hushika kuliko mkavu. Kamba itoke ardhini ikiwa imelala kuelekea hema, si wima. Hema lililofungwa hivi tumeliona likisimama wakati la jirani linabiringika kama tenga tupu.

Kosa la pili la hema ni wavu. Mahema mengi ya bei nafuu yana ukuta wa ndani wa wavu mtupu, na juu yake turubai lisilofika chini. Kwenye majani ni raha. Kwenye mchanga upepo hupita chini ya turubai, unga laini huchujika kwenye wavu, na asubuhi watoto wana nyusi za rangi ya matofali. Nunua hema ambalo dirisha na mlango wa ndani vina kitambaa cha kufunga juu ya wavu. Zipu zisugueni kwa mswaki mkavu kila asubuhi. Usitie mafuta, kwani mafuta hukamata mchanga na zipu hufa siku ya pili. Alfajiri msishangae hema likiwa limelowa kama limenyeshewa: ni umande wa bahari, na Bahari ya Arabu haiko mbali. Shuka za pamba pekee hazitoshi Desemba na Januari. Blanketi moja nzito kwa kila mtu, na mkeka au godoro chini, kwa sababu mchanga uliokuchoma mguu saa nane mchana ni barafu saa tisa usiku.

Sasa magari, ambako ndiko likizo nyingi huharibikia. Kwa Kiarabu mchanga ni raml, na ndiko ilikotoka ramli yetu. Huku haipigwi, inapimwa kwa geji ya upepo.

Tairi la lamini lina PSI 33 hadi 36. Mchangani shusheni hadi 18, na gari zito lililojaa mizigo hadi 16 au 15. Tairi likilegea hupanuka na kurefuka chini, uzito husambaa, gari huelea badala ya kuchimba. Chini ya 12 msikae humo: kona moja kali na tairi huvuka ukingo wa rimu, upepo wote hutoka, na kulirudisha porini si mchezo. Kushusha huchukua dakika mbili tatu kwa kila tairi. Kujaza ndiyo kazi: pampu ndogo ya volti 12 hutaka nusu saa kwa gari moja, na kwa magari manne pampu moja itachemka na kujizima kabla ya gari la tatu. Bebeni mbili, au mrudi mkajaze kwa wa pancha Al Mintarib.

Kabla ya kuingia: fowili ya juu (4H) iwe imeshika, na kile kidude cha kompyuta kinachozuia gari kuteleza kizimwe, maana mchangani hukata nguvu pale mnapoihitaji. Gia ya pili, au otomatiki ikiwekwa kwa mkono, na mwendo usiokatika. Kusimama usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta gari lijisimamie, tena likielekea mteremko, kwa sababu breki hujenga ukuta mdogo wa mchanga mbele ya kila tairi na ukitaka kuondoka ndio unaokukwamisha. Tuta hupandwa wima na hushukwa wima. Anayekata tuta kwa ubavu analitafutia gari paa la kulalia. Karibu na mgongo wa tuta punguza mafuta ili uvuke polepole: ukija kwa kasi unaruka, ukiachia mapema mno gari linalalia tumbo, mbele hewani na nyuma hewani. Mkishuka na nyuma ikaanza kukimbilia pembeni, gusa mafuta kidogo gari linyooke. Breki hapo ndiyo ipinduayo.

Endesheni asubuhi. Umande hufunga mchanga na jua la upande huonyesha vivuli vya kila shimo. Saa sita hadi saa tisa mchanga ni mkavu, umelegea, na mwanga wa utosini hufuta vivuli vyote, hata ukingo wa mita tano hauonekani mpaka bonati iko juu yake.

Gari likikwama, na litakwama, dereva aondoe mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa bure wa gurudumu ni sentimita nyingine chini, na mchanga ukigusa difu ya nyuma mmejiongezea nusu saa. Abiria wote washuke. Chimbeni mbele na nyuma ya kila tairi, na chini ya tumbo mpaka muone mwanga wa upande wa pili. Shusheni tairi hadi 12. Jaribuni kwanza kurudi nyuma kwa njia mliyojia, ambayo imeshashindiliwa. Isipotoka, wekeni mbao za mchanga chini ya tairi zinazozunguka. Mwisho kabisa ndiyo kamba, na kamba iwe ile ya kunyumbuka iliyotengenezwa kwa kazi hii, ifungwe kwenye ndoana ya fremu. Msifunge kamwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela: kikikatika hupaa kama risasi na hupita kwenye kioo. Watu wote wasimame mbali kupita urefu wa kamba, watoto ndani ya gari la tatu. Kwa magari manne vifaa vinavyotosha ni mabeleshi mawili, mbao jozi mbili, kamba moja ya kunyumbuka, pampu mbili na geji mbili. Na kila dereva amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, anasimama. Sheria hiyo moja inashinda vikundi vyote vya simu, kwa sababu simu huku ndiyo ya kwanza kukata. Ramani pakueni mkiwa mjini, na mtu mmoja aliyebaki nyumbani awe na alama ya mahali mtakapolala na saa mtakayotoka. Namba ya dharura Oman ni 9999.

Maji hesabuni lita 6 kwa mtu kwa siku: 3 za kunywa, 3 za kupika, vyombo na udhu. Watu 16 kwa siku tatu ni lita 288, yaani madumu 15 ya lita 20, na matatu ya akiba. Hayo 18 ni kilo 360, kwa hiyo kila gari libebe yake. Mkiyarundika kwenye pikapu moja, hiyo ndiyo itakayozama, na maji yote yatakuwa humo. Mchanga wa kutayamamia upo hadi upeo wa macho, lakini kwa aliyebeba madumu 18 hauna ruhusa, basi msifanye ubahili kwenye hesabu.

Chakula kiwe chepesi kuliko tamaa. Mishikaki, ambayo Waomani nao huiita mishkak, ikatwe na kuungwa nyumbani, igandishwe bapa kwenye mifuko, na ikae chini kabisa ya deli ikiwa ndiyo barafu yenyewe. Chupa za maji zilizogandishwa zijaze nafasi iliyobaki, zikiyeyuka mnakunywa. Barafu ya vipande hugeuka supu usiku wa kwanza. Kilo 4 za nyama na kilo 2 za mchele hutosha mlo mmoja wa watu 16, na kilo 5 za makaa. Upepo hupanda alasiri na hutulia baada ya magharibi, kwa hiyo yapangeni magari mawili kama herufi L na mpike ndani ya pembe hiyo, la sivyo wali utakuwa na mlio. Anayependekeza shuwa mwelezeni kwa upole: nyama ile hukaa shimoni siku nzima au mbili, na shimo la mchanga huporomoka likiwa bado halijashika moto.

Choo: kihema chembamba kilichosimama, ndoo yenye kiti, mifuko migumu, na beleshi. Kila kilichoingia kwa gari kitoke kwa gari. Mfuko wa plastiki unaopeperuka huliwa na ngamia, hukaa tumboni na humuua, na kila ngamia mnayemwona huko ana mwenyewe. Usiku viatu vigeuzwe vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ni ununuzi mzuri, kwani nge hung'aa kijani chini yake, na watoto wakishaona mmoja hawatembei tena pekupeku.

Wakati wake ni Oktoba hadi Machi. Mapumziko ya sikukuu ya taifa ya Novemba ndiyo wiki tamu kwa hewa na chungu kwa nafasi. Wekeni kambi mwezi mmoja kabla. Idi nazo huhama: mwaka 2026 Idi ya Fitri inaangukia Machi, inafaa, ila Idi ya Haji ni mwisho wa Mei, na joto la Mei Bidiya hupita digrii 40. Siku hiyo nendeni Wadi Bani Khalid, chini ya saa moja kwa gari, mkaogelee mkiwa na fulana na suruali inayopita goti.

Kwa kundi linalokwenda mara ya kwanza, uamuzi wetu ni kambi ya Mabedui ukingoni, usiku mmoja, gari la kambi likiwapeleka juu ya matuta. Mara ya pili, mahema yenu bondeni, si zaidi ya kilomita tano kutoka lami. Za ndani baadaye.

Mkitoka, msikimbilie Maskati na tairi za PSI 18. Lamini huchemka na kupasuka. Jazeni Al Mintarib, kisha mkishika 100 mkahisi usukani unatetemeka, si beringi wala tairi mbovu: ni mchanga uliojikusanya ndani ya rimu upande mmoja. Simameni kituo cha mafuta, mpira wa maji uelekezwe ndani ya kila rimu kwa dakika moja, na usukani unatulia. Chujio cha hewa kikung'utwe siku hiyohiyo.